Gundi ya bolti kwenye zege lililoloa: namna ya kufunga isije ikatoka na spana

Mwezi wa tano, masika yamekolea, nilifunga stendi ya tenki la lita 2,000 juu ya slabu ya mtu huko Njiro, Arusha. Miguu minne, kila mguu pleti yake, kila pleti bolti nne za milimita 12, zote za gundi. Mvua ilikata asubuhi, saa tano jua likatoka, slabu ikawa nyeupe kavu kabisa, nikasema twende kazi. Kesho yake napanda kukaza nati, bolti ya tatu inazunguka pamoja na nati yake. Nikaishika kwa mkono nikavuta, ikaja yote.

Sasa angalia vizuri kilichotoka. Gundi yenyewe ilikuwa imekauka safi, ngumu kama jiwe, imeng'ang'ania bolti hata nyundo haiitoi. Ila nje yake kulikuwa na ngozi nyembamba ya kijivu, ukiikwaruza na kucha inatoka kama uji uliokaukia kwenye sufuria. Hiyo ngozi ni vumbi la drili lililochanganyika na maji. Gundi ilishika ngozi, zege haikuligusa hata kidogo. Ndo maana nawaandikia wadau, kwa sababu kila mwaka masika yakifika naona vijana wanarudia kosa langu lile lile na wanalaumu gundi feki.

Kwanza tuelewane gundi inafanyaje kazi. Ukitoboa zege kwa drili ya nyundo, ukuta wa shimo unabaki na mikwaruzo na vitundu vidogo vidogo. Gundi ikiwa bado laini inaingia kwenye hivyo vitundu, ikikauka inakuwa imejifunga humo kama meno. Zege likiwa limeloa, vitundu vimeshajaa maji, gundi haina pa kuingia. Na zile gundi zenyewe zinaganda kwa kemikali mbili kukutana, yaani sehemu A na sehemu B, maji yakiingia katikati yanaharibu mchanganyiko pale pale kwenye mpaka wa gundi na zege, sehemu unayoitegemea kuliko zote. Kwa hiyo maji yanakuumiza mara tatu: yanaziba vitundu, yanageuza vumbi kuwa tope, na yanadhoofisha ngozi ya nje ya gundi. Kubwa kati ya hayo ni tope, kwa experience yangu, na bahati nzuri ndo linalozuilika.

Uzito wa jambo uko hivi. Kanuni za Wamarekani za zege, ACI 318 (ACI ni taasisi yao ya zege), zina jedwali la nguvu ya chini ya kushika unayoruhusiwa kutumia kama huna takwimu za gundi yako. Ndani ya nyumba, zege kavu, halijapasuka, wanakupa 1,000 psi (pauni kwa kila inchi ya mraba), karibu MPa 6.9 (nyutoni kwa kila milimita ya mraba). Nje, ambako zege linaweza kuwa kavu au limeloa chapachapa, wanashusha hadi 650 psi, kama MPa 4.5. Zege la nje lenye nyufa, 200 psi tu, MPa 1.4. Piga hesabu ya bolti yangu ya 12 iliyoingia milimita 110: eneo la kushika ni kama milimita za mraba 4,150, ndani pakavu unapata kama kN 29 (kilonyutoni), yaani tani mbili na point tisa hivi, nje inashuka kwenye tani moja na point tisa, na nje kwenye nyufa hata kilo 600 hazifiki. Hapo bado hujaigawanya kwa vigawanyo vya usalama, zile namba za kupunguza nguvu ili ubaki salama, na hujaangalia zege lenyewe kung'oka kwa umbo la koni. Tofauti ya ndani na nje sio ya maji peke yake, joto la jua nalo limo, lakini umeona mwelekeo. Na hizo namba ni za shimo lililosafishwa vizuri. La kwangu la Njiro halimo kwenye jedwali lolote.

Afu kuna mtu atasema tenki lina tani mbili za maji litajikandamiza lenyewe, bolti za nini. Tenki likijaa kweli halina shida. Shida ni siku maji ya mtaa yamekata, tenki tupu, na upepo wa jioni unapiga, hapo linakuwa puto juu ya fito na bolti za upande wa upepo ndo zinavutwa.

Kabla hujatoa drili kwenye boksi, jua zege lako liko hali gani. Wataalamu wanagawanya nne: zege kavu, zege lililonyonya maji lakini shimo halina maji yaliyosimama, shimo lenye maji yaliyotuama, na zege lililo chini ya maji kabisa. Hii migawanyo utaikuta kwenye karatasi ya gundi, yaani ile ya maelezo ya mtengenezaji, na gundi inaweza kuruhusiwa mbili za kwanza tu. Slabu ya juu baada ya wiki mbili za mvua Arusha hapa ihesabu ni ya pili hata kama juu inang'aa weupe, kwa sababu zege linakauka juu kwanza, ndani linachelewa sana. Watu wa sakafu wana kanuni yao ya mkononi, kila inchi moja ya unene mpe mwezi mmoja. Kwa slabu ya inchi sita hiyo ni nusu mwaka, sasa wewe unaniambia jua la saa tano limekausha?

Namna ya kupima bila mashine. Ukiwa na siku moja ya kusubiri, chukua nailoni nzito inayoonesha, kipande cha kama sentimita 45 kwa 45, kibandike juu ya zege kingo zote nne kwa seloteipu pana, acha angalau masaa 16. Ukikuta matone upande wa ndani au zege limekuwa jeusi pale chini, lina maji. Hicho kipimo kilitengenezwa kwa ajili ya watu wa rangi na sakafu, kinakuambia kuna unyevu unapanda, hakikuambii uko kiasi gani kwenye kina cha bolti. Kwa hiyo mimi naamini zaidi vumbi. Toboa shimo moja la majaribio mpaka kina chako, lile vumbi la mwisho linalotoka chini kabisa likamate kwenye kiganja ufinye. Likimwagika kama unga wa sembe, pakavu. Likibaki na alama za vidole kama unga wa ugali ulioguswa na maji, limeloa. Likitoka jeusi limeganda kwenye mikunjo ya drili biti kama tope, wala usiendelee kujiuliza. Halafu zungushia tishu kwenye kijiti, ingiza mpaka mwisho, subiri dakika, itoe uiangalie. Tochi ya simu nayo imulike ndani, maji yanang'aa.

Zege jipya ni kesi nyingine. Hapo hata kama hakuna mvua, maji ya kuchanganyia bado yamo na wewe mwenyewe umelimwagilia wiki nzima. ACI wanataka zege liwe na siku 21 angalau ndo ufunge anka za gundi, yaani bolti au nondo zinazoshikwa na gundi. Fundi ukiambiwa na bosi "slabu imemwagwa juzi, weka starta za nguzo, zile nondo za kuanzia, kwa gundi hapa tulisahau", mwambie kistaarabu tuonane baada ya wiki tatu. Atanuna, lakini atanuna mara moja.

Gundi ya kununua. Dukani utakuta za aina tatu hivi: poliesta za bei poa, vinilesta na zile za mseto zenye simenti ndani yake, na epoksi halisi. Poliesta ziache kwa tofali na kazi nyepesi za ndani, kwenye unyevu na ukali wa simenti hazidumu. Mseto nzuri zinaganda haraka na nyingi zinaruhusiwa zege lililoloa. Epoksi zinachelewa ila zinasinyaa kidogo tu, na kuna ambazo zimepimwa mpaka chini ya maji. Usiamini muuzaji akikuambia "hii inashika popote". Geuza katriji, yaani mrija wa gundi, soma, tafuta picha ya tone la maji au maandishi ya zege lililoloa na shimo lenye maji, afu angalia tarehe ya kuisha. Kwenye zile zenye cheti cha Ulaya utakuta pia kigawanyo cha usalama cha ufungaji, kinaanzia 1.0 mpaka 1.4, na mara nyingi kwenye maji ndo kinapanda, maana yake nguvu ile ile unaigawanya tena. Mpe injinia wako hiyo karatasi kabla hajakuambia idadi ya bolti.

Sasa kutoboa. Drili ya nyundo na biti ya kabaidi, saizi iliyoandikwa kwenye gundi, kwa kawaida bolti ya 12 shimo la 14, nondo ya 12 shimo la 16. Ile mashine ya kukata duara kwa almasi na maji, inayotumiwa na watu wa mabomba, inaacha ukuta laini kama glasi na umepakwa uji wa simenti, usiitumie kwa gundi labda karatasi yako iruhusu na uwe na kifaa cha kukwaruzia. Ukigonga nondo hamisha, usilazimishe.

Kusafisha, hapa nitakaa kidogo, msinichoke.

Shimo kavu ni rahisi: puliza, sugua kwa brashi ya waya, puliza tena, unarudia kwa idadi iliyoandikwa, kuna za mara mbili mbili kuna za mara nne nne. Brashi iwe ya saizi, ikiingia lazima uhisi inakataa, ikiingia kama kijiko kwenye chai imeisha, nunua nyingine. Hewa iwe ya kompresa inayofika presha ya baa 6 na bomba lifike chini kabisa ya shimo, upulize mpaka hewa inayorudi haina vumbi. Hizi pampu za kuchomeka kwenye gari za kujazia tairi hazitoshi. Ukiazima kompresa ya gereji, kwanza ipulizie kitambaa cheupe, ikiacha doa la oili rudisha, oili ni mbaya kuliko maji. Na kupuliza kwa mdomo jamani, mate ni maji, na vumbi lote linakurudia machoni, nimeshapeleka kijana hospitali kwa hilo.

Shimo lililoloa ukilifanyia hivyo hivyo unaharibu. Kosa langu la Njiro lilikuwa hapo. Vumbi likiwa bichi, hewa hailitoi, brashi inalipaka ukutani kama unavyopaka siagi kwenye mkate, unatoa brashi unaona imejaa tope unafurahi umesafisha, kumbe lililobaki ndani ndo umelisambaza vizuri. Dawa yake inashangaza watu: unaongeza maji. Chukua bomba jembamba, lifike chini ya shimo, fungulia maji safi yenye presha mpaka yanayotoka yawe maangavu kama ya kunywa, sio ya rangi ya maziwa. Sugua kwa brashi, utaona maji yamechafuka tena, suuza tena mpaka yawe safi. Hapo ndo unapuliza kwa kompresa kutoa maji yote yaliyosimama, unasugua tena, unapuliza tena mpaka tishu ikitoka haina tope. Itatoka na unyevu, hilo sawa kama gundi yako imeruhusiwa zege lililoloa. Tope ndo hatulitaki. Idadi ya kila hatua fuata karatasi ya gundi, na shimo kavu usilitie maji kwa kuniiga mimi.

Kuna ujanja wa mtaani ambao nauona Arusha na Moshi kote. Mmoja ni kuingiza moto wa gesi kwenye shimo likauke. Unakausha ngozi ya juu, dakika kumi baadaye maji ya ndani yameshasogea ukutani tena, na ukiwahi kuweka gundi shimo likiwa la moto inaganda kabla hujafikisha bolti chini. Mwingine ni kumwaga petroli au thina kidogo "ikaushe". Hiyo inaacha mafuta ukutani, tena ukiwa na grainda inayotoa cheche jirani, sitaki hata kuendelea. Na kuna wanaotoboa leo wanakuja kufunga keshokutwa. Usiku umande na mvua vimeingia, mende naye amehamia. Toboa, safisha, funga siku hiyo hiyo, ikishindikana ziba kwa kitambaa na nailoni na kesho safisha upya kuanzia mwanzo.

Kujaza. Katriji mpya, minyo mitatu ya kwanza itupe pembeni mpaka rangi iwe moja, zile mistari mistari maana yake A na B hazijachanganyika. Nozo, ule mdomo wa katriji unaochanganya A na B, ifike chini, kama ni fupi weka bomba la kuongezea. Anza chini urudi nyuma taratibu gundi ikikusukuma yenyewe, jaza kama theluthi mbili. Ukianzia mdomoni unafungia hewa na maji chini, bolti ikishuka inakuta mto wa maji. Kwa shimo lenye maji yaliyotuama na gundi iliyoruhusiwa, hii ndo roho ya kazi, gundi ni nzito kuliko maji, ikianzia chini inayapandisha yenyewe yatoke juu, unaona maji yanamwagika kwanza halafu gundi safi inafuata. Ikija gundi ya rangi ya maziwa, umeikoroga na maji, toa yote. Bolti yenyewe ipangusie oili na kutu, ishushe huku unaizungusha taratibu mpaka alama ya kina, na gundi kidogo lazima ionekane inatoka mdomoni kote.

Kusubiri ndo kunawashinda wengi. Kwenye katriji kuna jedwali, joto la zege upande mmoja, muda upande wa pili. Joto la zege nimesema, la hewa halitusaidii. Moshi mwezi wa pili muda unaweza kuwa mfupi kuliko unavyotaka, gundi inaganda kwenye nozo ukipokea simu. Arusha mwezi wa saba asubuhi, zege la upande wa kivuli ni la baridi kweli, muda unakuwa mara kadhaa ya ule wa mchana wa kiangazi. Na kwa zege lililoloa, watengenezaji wengi wanaandika chini kwa maandishi madogo kwamba muda wa kukauka uzidishe mara mbili. Hayo maandishi madogo mi nilikuwa siyasomi. Kipindi hicho chote bolti isiguswe, isitundikwe hata kofia.

Ikishakauka jaribu. Kukaza nati kwa toki spana, ile inayopima nguvu ya kukaza, peke yake hakutoshi ila kunafichua zile mbovu kabisa, kwa bolti ya 12 makampuni mengi wanataja kama Nm 40, angalia yako. Kazi ya maana iazimie jeki ya kuvuta, injinia akupe mzigo wa kupima, vuta bolti kadhaa tu, ushikilie dakika chache uone kama sindano ya kipimo cha jeki inashuka. Bolti ambayo sindano yake inashuka pole pole, hata kama haijatoka, ni mbovu.

Kuna sehemu nakataa kabisa kutumia gundi kwenye unyevu. Ya kwanza ni kitu kinachoning'inia juu ya vichwa vya watu muda wote. Tarehe 10 Julai 2006 kule Boston, Marekani, paneli za zege za dari ya handaki la barabara zilianguka kwenye gari, mama mmoja akafa, wachunguzi wakakuta epoksi iliyotumika ilikuwa inanyooka taratibu chini ya mzigo wa kudumu mpaka bolti zikachomoka. Kosa halikuwa maji pale, lakini epoksi iliyonyonya maji inalainika kwa joto dogo zaidi kuliko iliyo kavu, kwa hiyo ukiweka mzigo wa kudumu, unyevu na jua la slabu kwa pamoja, unachokoza kitu kile kile. Ya pili ni ukuta ambao maji yanachuruzika yenyewe, kama beisimenti za karibu na mto au maeneo ya Moshi ya chini kule ambako ukichimba futi chache tu maji yanakuja. Maji yanayotembea yanaibeba gundi kabla haijaganda. Hapo toboa upande wa pili, weka bolti ya kupita na pleti nyuma, au vunja kidogo ufunge nondo na zege jipya. Tofali za pumisi zetu hizi nazo sahau, hizo zina mashimo kama sponji na hesabu zote za hapa ni za zege.

Na ikitoka kama yangu ilivyotoka? Usirudishe bolti kwenye shimo lile lile na gundi mpya, ile ngozi ya kijivu bado iko ukutani. Njiro nilizijaribu zote 16, tano zikatoka kwa mkono au zikazunguka, na hizo nyingine 11 sikuziamini, nilizikata usawa wa slabu. Mashimo matupu niliyaziba kwa grauti isiyosinyaa, yaani uji wa simenti wa kujazia, nikatengeneza pleti pana zaidi ili mashimo mapya yakae mbali na ya zamani kwa umbali aliotaka injinia, nikasubiri mvua zikate wiki mbili, nikanunua epoksi ya kuruhusiwa unyevu kwa hela yangu mwenyewe, nikasuuza kwa maji mbele ya mwenye nyumba huku ananishangaa, "fundi si ulisema maji ndo yaliharibu?" Safari hii tulileta jeki. Tenki lipo juu mpaka leo na zile bolti mbovu tano nimezitundika karakana kwenye waya, kijana mpya akija nampa moja aikwaruze na kucha.